Tenga Lililomkalisha Ezekia

Asubuhi niliyoondoka Tunduma na mwanangu Ezekia mgongoni, sikuwa na mpango wowote. Nilimfunga kwa kitenge, nikachukua kikombe chake, kijiko na blanketi, nikaelekea kwenye foleni ya malori. Vijana wa bodaboda wakaniona.

"Bana Ezekia, mulishani?" mmoja akaniita. Ni Kibemba cha ng'ambo ya mpaka: mama Ezekia, habari yako. Walinitania hivyo kwa kuwa mimi, mwanaume, nilibeba mtoto mgongoni kama mama.

"Nzuri, wanangu. Mmeshanyonya?" nikawajibu. Wakacheka, nami nikacheka, nikapita.

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliacha darasa la tano, lori lilipoharibika karibu na darasa letu nikataka kujua lina nini ndani. Nilishinda na mafundi siku hiyo, na kesho yake pia. Tangu hapo nimeosha malori, nimewapikia madereva ugali, nimebeba mizigo Nakonde, upande wa Zambia, nimefika hadi kwenye migodi ya shaba. Barabara nisiyowahi kuipita huwa inaniwasha miguu.

Ezekia alipozaliwa hakulia. Mama yake alikaa na uchungu muda mrefu mno, akafariki siku hiyohiyo. Baadaye niliambiwa kwamba ubongo wa mtoto ulikosa hewa, na hali hiyo inaitwa mtindio wa ubongo. Miguu yake ilipishana kama mkasi. Shingo haikukaza. Mate yalimtoka mfululizo mpaka kidevu kikachubuka.

Shangazi yangu alinifundisha kumlisha kama walivyolishwa watoto wote wa ukoo wetu. Unamlaza chali mapajani, unakinga kiganja kwenye mdomo wake, unamimina uji mwepesi. Mtoto akitafuta pumzi, anameza. Sisi sote tulikua hivyo. Kwa Ezekia, uji ulitokea puani. Alikohoa mpaka akawa na rangi ya majivu, na baada ya siku chache homa ilipanda. Mbavu zilibonyea ndani kila alipovuta pumzi, na kifua kilikoroma kama chungu cha maharage. Tulilazwa, tukatoka, tukalazwa tena.

Mara ya mwisho daktari aliketi kwenye kitanda chetu.

"Baba, uji wako hauendi wote tumboni. Mwingine unaingia kwenye mapafu."

"Unapita wapi?" nikamuuliza.

Akanichorea koo, na njia mbili zinazoanzia hapo. Nikauliza kwa nini njia ya hewa haina mlango. Akasema upo, ila kwa mtoto huyu unachelewa kufunga. Nikauliza na hili na lile, mpaka muuguzi akasema, "Huyu baba anataka tumpe koti jeupe."

Daktari hakucheka. "Mlishe akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo. Uji uwe mzito, na utumie kijiko. Ikija nimonia nyingine kama hii, sijui kama atapona."

Nilijaribu. Mkono mmoja ushike kichwa, mwingine uzuie mgongo, mwingine ukunje magoti yasinyooke. Kijiko nani akishike? Na kazi je? Pale nilipopanga, nilipomtoa Ezekia uani, majirani waliwaingiza watoto wao ndani. Ndiyo maana asubuhi ile niliondoka.

Dereva mmoja wa lori la mahindi alinishusha Mbozi. Nikashika barabara ya Iyula kwa sababu tu sikuijua. Mbele nikakuta shamba la kahawa la kanisa limejaa watu. Kule kila jumuiya ina siku yake ya kulichumia kanisa. Nilisimama, nikauliza kwa nini wanachuma nyekundu peke yake na kuziacha nyingine.

"Hapa maswali yanaulizwa huku mikono inachuma," akanijibu mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Tabitha.

Nikachuma nao. Jua lilipopanda, Ezekia akalia njaa. Nikaomba uji, nikaketi chini na kumkalisha. Ikaanza vita yangu ya kila siku: alijikaza kama ubao, akajirusha nyuma, uji ukamwagika kifuani. Watu wakatuzunguka.

"Hili ni pepo," akasema mzee mmoja wa kanisa. "Tulikemee litoke."

Mchungaji alikuwa amefunga kikapu kiunoni kama wengine. "Tutaomba, mzee wangu. Lakini kwanza ale."

Hapo Mama Tabitha akamwaga kahawa yote ya tenga lake kwenye turubai. Wachumaji wa kule huwaweka watoto wachanga ndani ya tenga tupu, kando ya mibuni, ili mikono iwe huru. Ezekia alikuwa na miaka mitatu, miguu mirefu, na hakuna aliyewahi kumweka mtoto mkubwa hivyo. Walimkunja magoti, wakamshusha ndani, wakasindilia magunia ubavuni na nyuma ya shingo, wakamfunga kitenge kifuani.

Akakaa.

Mwanangu akakaa, akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Mpaka siku hiyo alikuwa anajua dari na mgongo wangu. Nikampa kijiko cha kwanza, akameza. Nikasubiri kikohozi.

"Baba, mbona umeganda?" akasema Mama Tabitha. "Mwenzio amefungua mdomo."

Kikohozi hakikuja. Uji ulikwisha, na mimi nililia mbele ya watu nisiowajua, kamasi zikinitoka. Ndipo mchungaji akaomba.

Walinipa chumba nyuma ya stoo ya kanisa, na kazi shambani. Wakapanga zamu: mchana kila nyumba ya jumuiya ilimlisha Ezekia kwa siku yake, wakanifukuza niende nikafanye kazi. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini aliliona tenga, akalikubali, akatuagiza tuweke ubao chini ili nyayo zikanyage. Wakaanza kushindana. "Kwangu alikula mpaka akalamba kijiko." "Kwako? Hicho chakula si mlimwagia kuku?" Yule mzee wa pepo ndiye aliyeng'ang'ania zamu mbili.

Masika yalipita, kipupwe cha Mbozi kikapita, kifua hakikurudi. Mashavu yalijaa, ngozi ya kidevu ikapona. Hatembei, na sijui kama atatembea. Lakini anacheka kwaya ikifika kwenye sauti ya besi, na akishiba anageuza uso kama bwana mkubwa.

Namshukuru Mungu, na ninawashukuru watu wale waliomshika mtoto wangu kwa mikono yao. Wewe mwenye mtoto kama huyu, usimlaze unapomlisha, na usimmiminie. Mpeleke hospitali wakuonyeshe namna ya kumkalisha. Halafu mtoe nje. Mimi nisingesimama shambani kwa watu, hadi leo ningekuwa nahesabu mikono isiyotosha. Na ninyi wa makanisa, ombeni, lakini shikeni na kijiko.

Mwaka huu mchungaji aliniambia kuna mama huko Ikinga, Ileje, ana binti wa namna hii na hatoki naye. "Wewe miguu inakuwasha. Nenda." Nikamfunga Ezekia mgongoni, tenga begani, nikaenda.

Tulifika jua likiwa limeinama. Mama yule alitukaribisha kwa adabu, akanionyesha chumba cha wageni, akatandika shuka safi. Kuhusu binti hakusema neno. Alipotenga chakula, nilimweka Ezekia kwenye tenga lake pembeni ya meza, nikaanza kumlisha. Yule mama alitazama kijiko kikienda na kurudi. Chakula chake kilipoa.

Kisha akainuka, akaingia chumba cha ndani, akarudi amembeba binti mwembamba, macho yake yakiukwepa mwanga.

"Shemeji," akasema, "hilo tenga lako, mwanao akishamaliza kula, naweza kuliazima?"