Giza la Saa Kumi Jioni

Wateja walimwita Mama Vifungo, kwa sababu shati likiletwa kupunguzwa mikono, alilirudisha na kifungo kilichokosekana kimeshashonwa. Mumewe alifariki mapema. Cherehani ndiyo iliyomsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa muuguzi, na uuguzi ukampeleka nchi za kaskazini kabisa, kwenye baridi.

Desemba, simu ilipigwa na muuguzi aliyefanya kazi na binti huyo.

"Mama, amegongwa na gari akitoka kazini. Hatunaye tena. Ilikuwa saa kumi jioni, giza, dereva hakumwona."

Mama Vifungo hakulia. Alipandwa na hasira.

"Saa kumi jioni giza? Saa kumi mimi natunga uzi kwenye sindano bila taa! Mwongo mkubwa wewe! Semeni mmemfanya nini mwanangu."

Akakata simu.

Mwili ukaletwa, wakazika, chozi halikutoka. Kila aliyekuja kumpa pole alimvuta pembeni na kumnong'oneza, "Kuna kitu wananificha."

Ndipo kaka yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, akaja dukani. Akafunga mlango na dirisha, akabakiza taa ya cherehani tu. Alichukua donge la uzi, akalipitishia sindano ya kufumia katikati, kisha akachomeka pini nyekundu karibu na juu.

"Hii ndiyo dunia, dada, na taa ndiyo jua. Haikusimama wima, imelala upande kidogo, na inavyolizunguka jua haibadilishi mlalo wake. Pini hii ni mji wa binti yetu. Kaskazini ikilipa jua kisogo, ndiyo Desemba yao."

Akazungusha donge taratibu. Pini ikachungulia mwanga, mara ikazama tena gizani.

"Kwa hiyo jua liko mbali nao?"

"Si umbali, ni mlalo tu. Machi na Septemba, mchana na usiku hukaribia kulingana dunia nzima. Sisi tuko katikati, tofauti hatuioni."

"Na Juni?"

Mwalimu akahamia upande wa pili wa taa, sindano ikiwa imelala vilevile. Safari hii pini iliogelea kwenye mwanga.

"Juni, saa nne usiku kwao bado kweupe."

Mama Vifungo akamkamata mkono asiusogeze.

"Mwache hapa," alisema. "Mwache hapa hapa, kaka."

Kilio kikamtoka, kikawaleta majirani mbio mpaka mlangoni.

Siku chache baadaye alimpigia yule muuguzi.

"Nilikuita mwongo, mwanangu. Nisamehe."

Kwikwi ikasikika kwenye simu. "Yameisha, mama."

"Siku hizi jua la huko linazama saa ngapi?"

"Bado mapema sana. Natoka kazini giza limeshaingia."

"Basi vaa nguo nyeupe," alisema Mama Vifungo, sauti ikimkatika. "Nyeupe pee, mwanangu. Wakuone."