Mshale Uliomnyoshea Guka Kidole

Hiki si kile kisa cha kutishia watoto wa kidato cha kwanza bwenini. Kilinipata mimi mwenyewe, kwa shamba la shosho, nyanya yangu, huku juu ya Nyeri, jioni, nikiwa nimeshiba githeri na akili zangu zote.

Nilikuwa nimeunda mashine ya mashindano ya sayansi shuleni. Kuna nzi fulani mdogo ambaye akisikia nyenje analia anajua alipo, kwa sababu masikio yake mawili yameunganishwa. Nikamwiga: maikrofoni mbili, kijiti katikati, na mshale wa bati unaogeukia sauti inakotoka.

Basi ukungu ukashuka, na ng'ombe wa shosho, mwenye mimba ya kuzaa leo kesho, akakata kamba.

"Akizalia msituni, fisi watakula ndama!" shosho akalia. "Bwanangu, fanya kitu!"

Usicheke. Nimepewa jina la marehemu guka, mume wa shosho, kwa hivyo kwetu mimi ni bwana yake.

Kengele ya ng'ombe ilisikika kila upande. Nikawasha mashine. Mshale ukatupeleka nyuma ya migomba, karibu na kaburi la guka, na hapo mluzi ukapigwa. Ule ule wa guka wa kuita ng'ombe! Mshale ukageuka, ukamlenga aliyepiga. Niamini, hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kofia, imesimama hewani kimo cha mzee.

"Wajina," kofia ikasema, "unaninyoshea kidole?"

Kwetu kumnyoshea mzee kidole ni kukosa adabu. Hata mzee aliyekufa? Huyo ndiye mbaya zaidi.

"Si mimi, guka, ni sayansi!"

"Ambia sayansi ishushe mkono."

Miguu yangu ilishaanza safari bila mimi. Shosho je, alizimia? Wapi!

"Mzee, wachana na mtoto! Ng'ombe yangu iko wapi?"

Kofia ikanywea kama mume aliyekaripiwa mbele ya wageni, ikageukia mtaro wa majani chai. Tukakimbia. Ng'ombe alikuwa humo, ndama ameshazaliwa, ananyonya. Kutazama nyuma, hakuna kofia.

Tangu hapo mashine imeharibika kwa heshima. Mwalimu wetu kijana akikohoa, mshale unamlenga puani. Siku ya mashindano, jaji mwenye mvi alipiga makofi mbele yake. Mshale ukatazama ukuta. Akapiga tena. Ukuta. Nilikuwa wa mwisho, nyuma ya mtu aliyeleta volkano ya magadi.

Kwa hivyo wewe unayeunda kitu cha kunyosha kidole, sikia: ukungu ukishuka na mluzi ukilia, kizime. Amkia kwanza, ndio uulize njia.