Mwanangu Alitoa Sketi Yangu ya Ndoa Ipelekwe Japani

Wanangu na wadogo zangu mnaosoma ukurasa huu, wote mtakaonipa shikamoo, marahaba. Naomba jina langu lifichwe, kijiji changu pia, semeni tu ni huku Hanang karibu na mashamba ya ngano ya serikali. Umri kwa namba siujui. Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni. Darasani sikuingia hata siku moja, haya namtamkia binti wa jirani anaandika, na nimemwambia asinipunguzie maneno.

Nina mjukuu wa kike, yuko sekondari, ni skauti. Nimemlea mimi tangu mama yake afariki, mtoto akiwa hajaota meno. Mwaka huu kundi lao limechaguliwa kwenda kwenye kambi ya mataifa huko Japani. Mimi nilidhani Japani iko mbele ya Singida, akanicheka mpaka akakaa chini. Tangu achaguliwe kamba za ndama wangu zote zina mafundo ya kiskauti, kumfungua ndama asubuhi ni kazi ya watu wawili. Sikumkataza. Nilikuwa najisifia kisimani kama vile naenda mimi.

Sasa mwalimu wao wa skauti aliwaambia kila mtoto atafute vazi la asili la kwao, wacheze ngoma huko mbele ya mataifa. Mwalimu mwenyewe si mtu wa huku. Vazi la mjukuu wangu akamwomba baba yake, yaani mwanangu wa kumzaa, dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano. Mimi siku hiyo nilikuwa msibani Mogitu. Mwanangu akaingia chumbani kwangu, akaitungua sketi yangu ya ndoa, akaenda nayo.

Kwa wasiotujua sisi wafugaji wa uwanda huu niwaeleze. Sketi ile ni ya ngozi, mwanamke anavalishwa siku ya kuolewa, anaipaka mafuta ya ng'ombe mpaka uzee wake. Mwanamume haigusi. Msichana ambaye hajaolewa haivai. Wanaume wakipigana fimbo, mwanamke akasimama katikati nayo, fimbo zinashuka. Ng'ombe ni wa baba, watoto wanaitwa kwa jina la baba, malisho nayo yakawa ngano. Kilichobaki kuwa cha mwanamke ni hicho.

Siku ya kuwaaga watoto, pale uwanja wa shamba, mjukuu wangu akatoka na shati la skauti, skafu shingoni, na chini amevaa sketi yangu. Akaruka na wavulana mbele ya wakubwa, watu wakapiga makofi. Wanawake wenzangu waliokuja kuuza maziwa waliona. Wakabeba vibuyu vyao wakaondoka, na maziwa hawakuuza.

Kesho yake walikuja kwangu, wengi, wakakaa baraza la wanawake. Kwetu mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya uanamke wake, wanawake ndio wanaohukumu, na wanaume wanatii. Mwalimu alikuja mwenyewe, akaamkia kila mtu, akasema hakujua. Wakamwambia mgeni hana kosa, akapewa na maziwa. Mtoto naye wakasema amevalishwa na mkubwa. Ila mwanangu alijua. Wakahukumu atoe dume jeusi la ng'ombe, wanawake walile, aombe radhi mbele yao. Asipotoa, mtoto akivuka mpaka wa Hanang anavuka na laana.

Mwanangu amekataa. Anasema yeye ni mtumishi wa serikali, hahukumiwi na wauza maziwa, wenzake wa kombaini watamcheka. Akaniambia, "Mama, ile ni ngozi tu."

Nikamwambia, "Kama ni ngozi tu, mbona hukuchukua ya mbuzi inayokauka hapo mlangoni?"

Madume anayo mawili zizini. Kinachomshinda ni kuinamisha kichwa.

Basi amekuja na akili nyingine. Sketi ni yangu, kwa hiyo mimi nikisema nimesamehe, kesi inakufa. Na ni kweli, desturi iko hivyo. Ndugu wote wananisukuma niseme hilo neno moja mtoto aende. Lakini mama anayeongoza baraza letu, tuliyeolewa naye mwaka mmoja, alinishika mkono akaniambia, "Ukimwachia kwa sababu ya ndege, kesho mwingine atatuletea sababu ya trekta. Wasichana wetu watakuwa na nani wa kumlilia?"

Ana haki. Nimeona wanawake wangapi waliopigwa, na baraza hilo ndilo lililomfanya mume ashike adabu. Nikilivunja mimi leo, nalivunjia hata huyo mjukuu wangu, siku akiolewa na mpumbavu.

Wiki ijayo gari linakuja kuwachukua watoto. Jana mjukuu wangu alikaa miguuni kwangu, halii, akaniambia, "Bibi, ukisema niende nitakwenda. Ukisema nibaki nitabaki. Ila usininyamazie." Nikamkumbatia nikamnyamazia. Mimi, ambaye kijiji kizima wananiogopa mdomo.

Wasomaji, msiniambie mila zimepitwa na wakati, hilo mwanangu ameshaniambia. Wala msiniambie nisamehe. Kusamehe najua, huyo ni mwanangu, nilimsamehe hata kabla sijavua viatu vya msibani. Ninachowauliza ni nimsamehe wapi: nyumbani, tukiwa wawili, mtoto aende Japani, au mbele ya wale wanawake, na dume lake likiwa limekufa, hata kama gari litaondoka bila mjukuu wangu? Nishaurini upesi. Anasubiri jibu langu, na ameshakunja nguo zake.