Gauni Chakavu la Mtoto wa Kambo

Hakuna mama wa kambo katika filamu za studio ile ambaye hakuvalishwa na Mama Pini. Jina hilo walimpa waigizaji, kwa sababu alifanya kazi pini zikiwa zimebanwa midomoni, na ukimuuliza jambo alikujibu kwa pembe ya mdomo bila kudondosha hata moja. Futi yake, ile laini ya mafundi ya kupimia, haikutoka shingoni. Alishinda kwenye stoo ya mavazi nyuma ya jengo, chumba kisicho na dirisha, nguo zimening'inia mpaka darini.

Kazi yenyewe alishaizoea mpaka inamchefua. Muongozaji anasema tu, "Nipe mama wa kambo," naye anajua: gauni la kubana, rangi ya kupiga kelele, wigi, kucha za kubandika. Mtazamaji amwone anatokea mlangoni tu na aseme, "Lo! Balaa hilo limeingia." Hakuna haja ya kusubiri afungue kinywa, ubaya wake umeshashonwa. Na mtoto wa kambo? Gauni chakavu, limechanika begani, watu wafute machozi. Filamu ikitaka kuwafundisha watu jambo haihangaiki. Inamtwika mtu mmoja funzo zima, na watazamaji wanarudi makwao wakijua nani wa kumchukia. Rahisi kweli, almuradi mtu huyo si wewe.

Na hapo studio hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba Mama Pini mwenyewe ni mama wa kambo.

Aliolewa na dereva wa lori aliyefiwa na mke, akakuta binti mdogo asiyesema na mtu, anashinda akinyonya kola ya nguo. Dereva akakaa kidogo, akasafiri, safari ikazaa safari, mwisho akapata nyumba nyingine mji wa mbali, asirudi hata kuchukua viatu vyake. Watu wakamshauri Mama Pini ampeleke mtoto kwa ndugu za baba yake. "Si damu yako huyo," walimwambia. Akawaambia wapite mbele, ana nguo za watu za kumaliza. Akamlea, akamsomesha kwa cherehani. Binti akakua na kipaji cha kusimulia, akaajiriwa studio ile ile, na filamu yake ya kwanza ilipokubaliwa, stoo ya mavazi haikukalika kwa majigambo.

"Mwanangu kaandika," Mama Pini alimwambia kila aliyekuja kupimwa.

"Inahusu nini?"

"Malezi!"

Naye mwenyewe hakuwa ameambiwa zaidi ya hapo, na hakuuliza. Alijua safari hii mama wa kambo atapumua.

Siku ya mazoezi alikwenda na nguo mkononi mpaka kwenye nyumba waliyoikodi, akasimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Akatokea mwigizaji wa mama wa kambo, futi shingoni, pini midomoni. Mama Pini akacheka peke yake. Ni mimi yule! Mwanangu kaniweka kwenye filamu!

Mwigizaji akaivuta futi kutoka shingoni, akaikunja mara mbili, akamchapa nayo mtoto mgongoni. "Mama yako kaburini, baba yako barabarani," alisema kwa pembe ya mdomo. "Humu ndani uko na mimi." Akamchapa tena. Na kule dirishani alisimama mwigizaji wa baba, katika shati jeupe lililopigwa pasi, ameegemeza paji la uso kwenye nondo, analia taratibu kwa kukosa la kufanya. Watu wakapiga makofi.

Mama Pini alijihisi kavuliwa nguo hadharani. Futi ile! Aliyokuwa akimpimia mtoto kila shule zikifungwa, amesimamishwa mlangoni, anyooshe shingo, asijiibie urefu kwa kusimama kwenye vidole! Alifura mpaka masikio yakamwasha. Wenzake walipokwenda kula alimshika binti kiwiko, akamwingiza chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Mimi nilikuchapa kwa futi?"

"Mama, yule si wewe. Ni mhusika tu."

"Mhusika gani mwenye pini zangu mdomoni?"

"Niliazima vitu vidogo vidogo. Waandishi wote tunaazima."

"Cha kuazima hurudishwa. Mimi utanirudishaje, watu wakishaniona?"

Binti akashusha pumzi. "Dhamira ni mateso ya mtoto ndani ya nyumba. Lazima awepo mtu wa kuubeba huo ubaya, watu wauone haraka."

"Ukatafuta weee, ukauona mgongo wangu."

"Uliwahi kunichapa, Mama. Usikatae."

"Nilikuchapa ulipochezea pasi ya moto! Nikakuchapa, nikalia kabla yako! Mbona hilo halimo? Na yule anayelia dirishani ni nani?"

"Baba."

"Baba yupi? Huyu ambaye viatu vyake vimeota ukungu chini ya kitanda changu? Leo kapewa shati jeupe na machozi? Dirishani nilisimama mimi, nakungoja utoke shule, mvua inyeshe isinyeshe! Kweli asante ya punda ni mateke."

Binti akatazama sakafu. "Nilitaka walau kwenye filamu awe alilia," alisema. "Awe alinitaka."

Neno hilo lilimchoma Mama Pini pabaya, maana alilijua tangu zamani bila kuambiwa. Lakini hasira hazikushuka. "Mtamani baba yako unavyotaka," alimjibu. "Lakini umtamani kwa gharama yako, si kwa gharama yangu."

Nje muongozaji alikuwa akipaza sauti: kesho wanarekodi, na gauni chakavu la mtoto bado halijaonekana.

Kesho yake Mama Pini alifika na mfuko, hakusalimiana na mtu. Akamvalisha mtoto mwigizaji, akamsukuma taratibu mbele ya kamera. Lilikuwa gauni la maua ya njano, limepauka, kola imetafunwatafunwa. Muongozaji akakunja uso.

"Nilisema chakavu."

"Hilo ni kuukuu kuliko ajira yako."

Muongozaji akamzunguka mtoto. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka kilichokatwa kwa subira, ua la kiraka limekutana na ua la gauni. Chini palikuwa na mistari hafifu ya mapindo ya zamani, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mahali pindo liliposhushwa mtoto alipokua. "Halifai," alisema. "Watu hawataniamini. Mtoto wa gauni hili ana mama."

Mwandishi alikuwa amesimama kando ya kamera, naye alikuwa ameshalitambua gauni lake.

"Basi lichane bega," muongozaji alisema, "na hilo pindo ulifumue."

"Mimi niliajiriwa kushona," Mama Pini alijibu. "Kuchana achane mwandishi." Akatoa mkasi, akamkabidhi binti yake mbele ya wote.

Binti akapiga magoti mbele ya mtoto. Akaufungua mkasi, akaufikisha begani. Kisha macho yakashuka kwenye ile mistari, na kidole kikaanza kupita juu yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa juu kabisa, wa mwaka ule ambao hakuwa akisema na mtu.

"Lilikuwa la nani?" mtoto aliuliza.

"Langu." Akainuka. "Zimeni kamera. Nimekosea kuandika."

"Watu wote hawa wanalipwa leo!" muongozaji alifoka.

"Nimesema zimeni."

Mama Pini hakumkimbilia kumkumbatia. Hasira yake ilikuwa na haki ya kukaa, na aliiacha ikae. Aliuchukua mkasi wake, akautia mfukoni.

"Na yule wa dirishani?" aliuliza.

"Namtoa." Machozi yalikuwa yakimtiririka binti bila kuyafuta. "Sasa nani asimame pale, Mama?"

Mama Pini akachomoa pini kwenye kola yake, akaibana midomoni, akainama kumvua mtoto lile gauni.

"Mweke aliyekuwa akisimama," alisema kwa pembe ya mdomo. "Na umrudishie futi yake."