Maneno ya Mfukoni na Mvi Zangu

Siku yangu ya kwanza kuwa mwamuzi wa mchezo wa herufi nilivaa tai, nikaifunga vibaya. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, kijana bado, na mashindano yalikuwa katika ukumbi wa shule moja pale Shella, Malindi. Mkuu wa Mashindano, mama wa Kimalindi mwenye sauti kavu, alinitazama tangu viatu hadi nywele. "Kijana," akasema, "mwamuzi hacheki wala hakunji uso. Mchezaji akikuona umeshtuka, ameshajua jibu."

Nyinyi wa leo mnabonyeza simu ikawaambia kama neno ni halali. Sisi, wapi! Mchezaji hutoa vibao saba mfukoni, kila kibao na herufi yake, akapanga neno ubaoni. Mwenzake akilishuku, hulipinga. Likiwa halimo kwenye kamusi ya Kiingereza, linaondolewa. Likiwamo, aliyepinga hupoteza zamu. Hapo ndipo mwamuzi huitwa, ukumbi mzima kimya. Nilifanya kazi hiyo kwa wasiwasi tangu mwanzo hadi mwisho, na sioni haya kusema.

Dawa ya wasiwasi, alisema Mkuu, ni kujizoeza kwa sauti. Kila asubuhi utie mkono mfukoni, utoe kibao bila kutazama, kisha utaje maneno ya herufi hiyo pamoja na maana zake.

"Lakini Bi Mkubwa, mchezo wenyewe hauulizi maana."

"Mimi nauliza. Neno usilolijua maana litakutoroka siku ya fainali."

Basi nikajifunza. Zax, chombo cha kukatia mawe ya kuezekea paa. Qanat, mfereji upitao chini ya ardhi. Cwm, bonde la mviringo mlimani. Hilo nilipolikubali Kilifi, halina a wala e wala i, nusura nipigwe kiti! Euoi, ukelele wa walevi wa kale wakimshangilia mungu wao wa divai. Nimeamua mashuleni na mahotelini, chini ya wakuu watatu. Wa mwisho, Bwana Mratibu, hakuwa na haja ya maana wala salamu. "Limo au halimo, Mwalimu? Basi!"

Nilipostaafu nilirudi kwetu Matsangoni. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele za haki, nyumba kimya, nami nina mfuko wangu wa vibao. Mazoea yana taabu. Kila asubuhi nilikaa barazani nikitoa vibao na kutamka: zax, cwm, euoi.

Sasa fikirini, wanangu. Mzee kichwa cheupe, peke yake, anatia mkono mfukoni, anatoa vipande vyenye alama, anatamka maneno asiyoyajua mtu. Kwetu mtu huyo ana jina lake, na mzee akishaitwa mchawi, maisha yake yamo hatarini. Wapo waliouawa kwa hilo.

Kwanza watoto waliacha kuniamkia. Wakifika usawa wa ua wangu, mbio! Kisha mjukuu wa jirani yangu, Mama Jumwa, akashikwa na homa isiyoshuka. Mama huyo nimemsomeshea wanawe wote. Alikuja akasimama uani, kiti akakikataa.

"Mwalimu," akasema, "kama kuna neno ulilomsemea mtoto wangu, lirudishe."

Niliogopa. Loo, niliogopa! Nikamwaga vibao vyote mkekani aone, nikamweleza kuwa ni mchezo tu: neno hili ni bonde, hili chombo cha paa, na hili ni walevi wakimshangilia mungu wao.

"Mungu gani huyo?" akauliza, akarudi nyuma.

Miaka yote ile ya kujua maana, na siku hiyo maana ndiyo iliyonitia kitanzini.

Naibu wa chifu akatuita barazani kwake. Mtoto alikuwa ameshapelekwa hospitali, ikaonekana ni malaria, akatibiwa akapona, Mungu ni mwema. Naibu akawaambia watu kuwa huu ni mchezo wa shule, hata yeye aliucheza. Watu wakaitikia kwa vichwa, na Mama Jumwa akanipa mkono. Nikashusha pumzi. Tulipobaki wawili, naibu akanisogelea.

"Mwalimu, mimi nimekuelewa. Lakini wale vijana wenye maneno mengi hawakuja leo. Huo mfuko uondoe. Na hizo mvi, ndizo wanazozitazama kwanza, tafadhali, zipake rangi."

Binti yangu Sidi akaja kutoka Kibarani na kopo la rangi nyeusi. Akaniketisha kwenye kigoda, taulo mabegani, akaanza kupaka. Hapo likanijia neno, lenyewe bila kuitwa: canities. Ni la herufi nane. Ukiweka vibao vyako vyote saba kukamilisha neno kama hilo, unapewa pointi za ziada. Maana yake ni kuota mvi.

"Baba, unanong'ona nini?"

"Sisemi kitu, mwanangu."

Nilikaza uso vilevile kama nilivyofunzwa Shella.

Siku hizi kichwa changu ni cheusi tii, na mfuko uko kwa Sidi. Watoto wameanza kupita tena.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," naitikia. Kisha nafumba mdomo, sitamki neno jingine mpaka wafike mbali.