Besi Peke Yake

Siku hizi siwezi kupuliza tarumbeta. Meno yangu ya juu ya mbele yameondoka, na yale ya bandia niliyotengenezewa mjini yanateleza nikiweka mdomo. Vijana wa kikundi cha kanisa wamenionea huruma wakaniachia kazi ya kusimama mbele na kuongoza kwa mkono. Huwa naona wanatazamana nikichelewa kushusha mkono. Kisha wananifuata hivyo hivyo. Ni watoto wenye adabu.

Usharika wetu uko Kirua Vunjo. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani wa ghala Moshi mjini, na kila Jumamosi nilipanda huku juu kufanya mazoezi na kikundi. Nilikiongoza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuwa pia mzee wa kanisa, na kati ya wazee wote mimi ndiye niliyejua kuzungumza barazani.

Mpiga besi wetu alikuwa jirani na rafiki yangu. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na changu vinatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Tulipata kipaimara siku moja, yeye akiwa amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa majani makavu ya mgomba ili visimvuke. Besi ni lile tarumbeta kubwa linalokumbatiwa kifuani. Halipigi wimbo wenyewe, linatembea chini yake. Yeye alilipiga kama mtu anayetembea shambani kwake, bila haraka na bila kukanyaga mche.

Alikuwa na mdogo wake. Huyo mdogo alioa mke wa pili wakati wa kwanza yupo, na kanisa likamtenga, asishiriki meza ya Bwana. Kwa desturi ya usharika wetu wakati ule, aliyekufa akiwa ametengwa hakupigiwa tarumbeta kaburini. Baadaye alianza kuzungumza na mchungaji habari za kurudi kundini. Alikwenda kwake mara kadhaa, watu walimwona. Kisha akaugua, akafa kabla mazungumzo hayajaisha.

Jioni ile rafiki yangu alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda jikoni, mke wangu akampa kahawa. Aliishika bila kuinywa.

“Naomba kikundi kije kimpigie mdogo wangu nyimbo mbili,” alisema. “Mahubiri siyaombi.”

Nilimweleza utaratibu. Nilimwambia tukifungua mlango huu kwa mmoja, hatutaweza kuufunga kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Alikuwa njiani anarudi. Wewe unajua.”

“Najua,” nikamjibu. “Lakini hakufika.”

Mara ngapi nimesimama kanisani kusoma habari za yule baba aliyemkimbilia mwanawe mpotevu angali mbali, na nikasoma kwa sauti nzuri. Kumbe nilikuwa nasoma tu.

Siku ya maziko nilikwenda kama jirani, ila sikuingia. Nilisimama barabarani, upande wa pili wa masale, mahali ambapo mtu anaweza kusema alikuwepo na anaweza pia kusema hakuwepo. Wakati wanafukia kaburi nikasikia besi. Alikuwa nayo nyumbani, kwa kuwa alipenda kuing'arisha mwenyewe. Alikuwa ameanza ule wimbo wa maziko ambao kila mtu wa usharika anaujua, lakini alipiga sehemu yake tu, ile ya chini. Kama hujawahi kusikia besi peke yake, ni kitu cha ajabu, kama kuona nguzo za nyumba bila nyumba. Kisha mama yao, mzee sana wakati ule, akaanza kuuimba wimbo juu ya ile besi, na wengine wakamfuata, wakajaza pale tulipopaswa kuwa sisi.

Mdomo wangu uliujua wimbo. Nikaufunga.

Kwenye baraza la wazee lililofuata nilitaka besi irudishwe na yeye atolewe kikundini, kwa kuwa alichukua mali ya kanisa kuvunja agizo la kanisa. Mchungaji wa wakati ule alisitasita. Mimi sikusitasita. Nilizungumza vizuri, nikapanga hoja zangu moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa shuleni, na baraza likapitisha. Rafiki yangu aliileta besi mwenyewe, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto, akailaza sakafuni ofisini kwa mchungaji, akatoka.

Kabla ya Pasaka ya mwaka ule alikuja tena kwangu. Safari hii alishika sale, kilele kizima chenye kikonyo chake. Kwetu Wachagga, anayekuja kuomba msamaha na sale mkononi harudishwi. Wazee wetu walimaliza kwa jani hilo mambo ya damu, sembuse ya tarumbeta.

Aliniambia alikosea kuchukua besi bila ruhusa, na kwamba hilo analiomba msamaha. Kuhusu kumpigia ndugu yake hakuomba msamaha, na hakuficha. Alitaka kurudi kikundini.

“Mambo ya kanisa hayamalizwi kwa majani,” nilimwambia. “Peleka ombi lako barazani.”

Aliliweka sale juu ya benchi, akaenda zake. Hakupeleka ombi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Usiku ule chakula kilikuja, maji ya kunawa yakaja, maneno hayakuja. Asubuhi sale halikuwepo kwenye benchi, nikadhani limetupwa kwa ng'ombe.

Watu hudhani ugomvi ni makelele. Wetu ulikuwa wa adabu tupu. Aliendelea kuja kanisani, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na tukitoka tulisalimiana habari za asubuhi, njema. Mwaka mmoja ng'ombe wangu alishindwa kuzaa, na kabla sijamwita mtu, yeye alikuwa ameshapita kwenye masale akiwa amekunja mikono ya shati. Alimvuta ndama akatoka mzima. Akanawa, akamuaga mke wangu, akaondoka. Mke wangu alikuwa amemkaribisha chai. Naye alijibu, “Siku nyingine, shemeji.” Mimi nilishika taa tu.

Mama yao alifariki, nasi tukaenda kumpigia, kwa kuwa yeye hakuwa ametengwa. Tulipiga bila besi. Mwanawe alisimama kaburini mikono mitupu akitusikiliza. Siku ile ndipo niliposhindwa kula. Hata hivyo sikwenda kwake. Nilikuwa nimekwisha kukosea kwa muda mrefu mno, na kosa la muda mrefu hugeuka kama samani ya nyumbani, unaizunguka tu gizani bila kujigonga.

Mwaka jana mke wangu alifanyiwa upasuaji, akalala hospitalini, akapona. Jumapili ya kwanza alipoweza kupanda kwenda kanisani, tulirudi polepole, ameshika mkono wangu.

“Sauti yenu siku hizi nyembamba kama uji wa mgonjwa,” alisema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Nimekunywa uji wa kutosha kule hospitalini. Nikifa usinizike na uji. Nataka besi.”

“Mama, usiseme hivyo.”

“Ndiyo nasema. Nenda kamwombe.”

Nilimwambia atanikatalia, na ana haki. Akasimama kupumzika, akanitazama kwa macho yale yale ya ujana wake.

“Ukienda na sale hawezi kukukatalia. Yeye si wewe.”

Asubuhi iliyofuata nilichukua panga, nikaelekea mpakani. Akaniita kutoka jikoni.

“Si hapo. Kakate lile la nyuma ya zizi.”

Nyuma ya zizi kuna sale limesimama peke yake, refu kuliko mimi. Nimelifungia kamba za ng'ombe miaka yote hiyo, nimelitundikia koti langu, sijawahi kujiuliza nani alipanda sale mahali pasipo na mpaka. Nilisimama pale na panga langu. Mke wangu alikuja nyuma yangu taratibu, mkono tumboni pale aliposhonwa.

“Ni lile ulilolikataa,” alisema. “Nililichomeka. Mtu kaleta sale nyumbani kwangu, nilitupe?”

Nilikata kilele kimoja.

Nilimkuta rafiki yangu ameketi juani anapukuchua maharage. Aliponiona na kile nilichoshika, alisogeza ungo pembeni, akapangusa mikono kwenye suruali. Nilikuwa nimepanga maneno, kama kawaida yangu, yakanipotea yote.

“Nilikunyima nyimbo mbili,” nikasema. “Mdogo wako alikuwa njiani, na nilijua. Halafu ukaja na sale, nikakurudisha nalo. Naomba unisamehe.”

Alilipokea jani kwa mikono miwili. Akaligeuza geuza.

“Umelikata wapi? Hili si la mpakani.”

Nikamweleza. Alianza kutabasamu, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikampiga mgongoni, na huo ndio ulikuwa mguso wetu wa kwanza tangu siku zile.

“Kwa hiyo shemeji alinipokea.”

“Alikupokea.”

“Basi mimi niko ndani siku zote. Wewe ndiye ulibaki nje.” Akafuta machozi ya kucheka. “Na hukuniambia.”

“Sikujua.”

“Huna unalojua, mbe, kwa mtu aliyesoma.”

Akaniambia midomo yake imechoka na kifua si kile cha zamani. Angejaribu, ila kwa ombi moja: asubuhi ya Pasaka, kikundi kinapozunguka vijijini kuamsha watu, kianzie kwenye kaburi la mdogo wake. Zile nyimbo mbili.

Nilisimama barazani nikawasilisha ombi lake, nikasema agizo lile la zamani la kumtoa kikundini nililisukuma mimi, na kosa ni langu. Mchungaji wetu wa sasa, mama kijana, aliuliza kama kuna mwenye neno. Mzee mmoja, rika langu, alisema tukifungua mlango huu hatutaweza kuufunga. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, hata pumziko lilikuwa pale pale. Nilimjibu kwamba mlango ule niliufunga mimi, naomba nami niufungue. Hakukubali, na alisema wazi hakubali. Mchungaji alimshukuru kwa kusema, wengine wakakubali, tukafunga kwa sala, tukatoka pamoja.

Besi tuliitoa stoo. Manyigu walikuwa wamejenga ndani. Tuliiosha kwenye mfereji, mimi na yeye, udongo ukatoka mabonge mabonge, naye akinisimanga kwamba hata manyigu wameitunza kuliko mimi.

Asubuhi ya Pasaka mlima ulikuwa wazi. Tulikusanyika migombani kuzunguka lile kaburi, mke wangu akiwa ameletewa kiti. Yule mzee aliyepinga alikuwa amekuja pia. Alisimama barabarani, upande wa pili wa masale. Nilimwona, nikamwacha. Mahali pale napajua. Mtu haburutwi kutoka pale, anasubiriwa.

Rafiki yangu aliomba aanze peke yake, kama siku ile. Akaikumbatia besi. Noti za kwanza zilitoka zimepasuka, kisha zikapata miguu. Vijana walinitazama wakingoja ishara ya mkono. Sikuinua mkono. Nilivua meno yangu nikayatia mfukoni, nikaanza kuuimba wimbo juu ya besi yake, kwa mdomo huu wa kibogoyo.

Katikati ya ubeti pumzi yake ilikatika. Alishusha besi, kifua kikimpanda na kushuka. Niliivuta sauti yangu pale pale nilipokuwa, nikamngoja. Akaiinua tena besi, akafika.