Niliwapangia wafanyakazi misiba miwili kwa mwaka, kisha nikafiwa mimi

Wakuu, mwadila, kwa salamu yetu ya Kisukuma. Poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kuondoka, sijawahi kuanzisha uzi. Ila wiki hii nimepita kwenye nyuzi tatu za leadership, mara sifa za kiongozi bora, mara namna ya kuongoza team, nikasema acha na mimi niseme yangu. Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wana simu na bando, na mmoja wao ndiye anayenituma kazi mpaka leo.

Twende taratibu.

Mimi ni mzaliwa wa Didia, Shinyanga vijijini. Nina diploma ya utawala. Mwaka jana nilipata kazi kwenye plant moja ya kuchenjua dhahabu mkoa wa Geita. Si kampuni kubwa, ni ya mtu binafsi, tunamwita Tajiri. Wachimbaji wanaleta mawe, karasha inayasaga, mchanga wake unaenda kwenye matenki. Wafanyakazi tulikuwa arobaini na mmoja.

Sapavaiza aliyekuwepo akaacha kazi, Tajiri akanipa mimi kiti. Miezi mitatu ya majaribio, nikifaulu ananipa barua ya kuthibitishwa.

Hiyo barua niliitaka kuliko chakula. Aliyenisomesha ni mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Aliuza mbuzi wake wote ili mimi nikae darasani. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa ananipigia: "Hiyo barua bado tu?"

Basi Tajiri akanipeleka semina ya siku mbili pale Shinyanga mjini. Mkufunzi suti imembana, hatulii sehemu moja, anauliza swali halafu anajijibu mwenyewe. Akatufundisha kwamba kiongozi hapendwi, anaheshimiwa. Kwamba usichokipima huwezi kukisimamia. Mimi nikajaza daftari. Cheti nikakipiga lamination pale pale mjini, Kambarage, kabla hata sijapanda gari la kurudi.

Niliporudi kazini nikaanza kutafuta cha kupima. Nikapima utoro. Sababu namba moja ya watu kutokuja kazini: misiba.

Kwa ambao si wa huku, niwaeleze kidogo. Usukumani msiba hauna mwaliko. Amekufa jirani, wanaume wanabeba majembe, wanawake wanabeba kuni, maji na unga. Usipoonekana mara moja unasemwa. Usipoonekana mara ya pili na ya tatu unatengwa, hakuna wa kukuazima hata moto. Na "ndugu" huku ni neno pana sana. Mtu anaweza kuzika baba watano na wote ni baba kweli.

Mimi hayo nayajua, nimezaliwa nayo. Ila cheti kilishanipanda kichwani.

Nikaandika sera. Nikaiprinti, nikaisoma kwenye kikao cha asubuhi. Kila mfanyakazi ana haki ya misiba miwili kwa mwaka. Marehemu awe mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Ijazwe fomu, iambatanishwe na barua ya mtendaji wa kijiji. Ukizidisha, barua ya onyo. Barua tatu, nyumbani.

Watu kimya. Mimi ule ukimya nikauhesabu kuwa ni heshima.

Akanyoosha mkono Mzee Masanja, fundi wa karasha, mtu wa umri wa kunizaa. Akauliza taratibu tu, "Sapavaiza, akifa wa tatu, tumwambie asubiri Januari?"

Hakuna aliyecheka. Na mimi, wakuu, naona aibu hata kuandika, nilimjibu kwamba tukipanga vizuri inawezekana.

Sasa ndipo vituko vikaanza.

Wiki ya pili akaja kijana wa matenki, anataka kuhamishiwa msiba wa mwenzake. Mwenzake hana mpango wa kufiwa mwaka huu, amemwazima. Nikakaa nikafikiri, nikaona daftari la semina halijasema chochote kuhusu misiba ya kuazimana. Nikatengeneza fomu nyingine.

Akaja Mama Kabula, anayesimamia wanawake wa kuanika mchanga. Shangazi yake yuko hoi hospitali. "Sapavaiza, niandikie kabisa, madaktari wamekata tamaa." Nikamwambia hatupokei maombi ya mgonjwa aliye hai. Akarudi kwenye mchanga wake.

Kufikia mwezi wa pili watu walikuwa wanabana misiba yao kama bando la mwisho wa mwezi. Unasikia mtu anamwambia mwenzake, "Huyu namwacha, bibi mzaa baba hayuko vizuri, huo msiba namtunzia yeye."

Lakini kazi ilikwenda, tusidanganyane. Karasha haikusimama. Tajiri akanipigia simu kutoka Mwanza, akaniambia, "Kijana, una kichwa." Nikavimba. Nikawa navaa ile fulana ya kung'aa ya usalama mpaka sokoni kununua nyanya.

Kisha akafariki shemeji yake Mzee Masanja, mke wa mdogo wake. Misiba yake miwili alishaitumia. Na shemeji si wa tumbo moja. Nikaandika juu ya fomu yake "HAIJAKUBALIWA", nikapiga na muhuri.

Hakubisha. Siku ile nzima alilisha mawe kwenye karasha. Wakati shemeji yake anashushwa kaburini yeye alikuwa mita ishirini kutoka dirishani kwangu, na mimi nilikuwa nachora grafu ya mahudhurio.

Wiki mbili tu zilikuwa zimebaki nithibitishwe. Alhamisi, saa tatu asubuhi, simu ikaita kutoka Didia. Mama mkubwa ametutoka. Alianguka akitoka kisimani.

Nikaona niende, halafu nikakumbuka mimi ndiye mwenye sera. Nikatoa fomu. Pale penye "uhusiano na marehemu" nikaandika Mama. Kwangu mimi ni mama. Kwa sera yangu nimedanganya. Nikasaini kama mwombaji, nikazunguka upande wa pili wa meza, nikasaini kama mwidhinishaji. Nikamuaga mlinzi wa geti peke yake nikaondoka, kwa sababu nilikosa uso wa kuwaambia wengine.

Didia nikakuta msiba mwembamba. Wanawake walikuwepo, lakini wanaume wa kushika jembe walikuwa wazee sita. Vijana wengi wako machimboni. Na waliobaki, ukweli ni kwamba mimi misiba yao sikuwahi kwenda, miaka mitano. Kiangazi kile ardhi ilikuwa kama zege. Ijumaa asubuhi wazee wanapiga jembe, jembe linaruka. Mpaka saa nne kaburi lilikuwa la kufika magotini, na mwili unasubiri ndani. Nilichimba mpaka mikono ikapasuka. Niliogopa kweli kwamba mama atakosa kaburi kwa sababu yangu.

Saa nne na nusu likaingia lori. Lile lori letu la kubebea mchanga.

Limejaa watu. Wanaume na sururu, nyundo, makoleo. Wanawake na unga, kuni na madumu. Watu wote arobaini wa plant, mpaka mlinzi. Yeye ndiye aliyewaambia, na geti alilifunga kwa kufuli akapanda na yeye.

Mzee Masanja akashuka wa kwanza. "Pole, mwanangu." Akanishika mkono, akauona ulivyopasuka, akaugeuza geuza. "Sisi misiba yetu imeisha. Huu tumekuja bila kibali. Barua za onyo utatuandikia ukirudi. Sogea."

Nililia, wakuu. Nililia kuliko nilivyolia nilipopata simu.

Mtu ambaye nilimzuia asimzike shemeji yake ndiye aliyeingia kwenye kaburi la mama yangu na sururu. Na watu wa machimboni nyie mnawajua. Kwa muda wa saa moja na nusu tu walikuwa wamemaliza, kuta zimenyooka, pembe zimekaa sawa. Mzee mmoja wa kijiji akachungulia akauliza kama hawa watu wana uhakika wanachimba kaburi, si dhahabu. Watu wakacheka pale pale msibani, hata mimi. Tukamzika saa nane.

Jumatatu Tajiri alikuwa ofisini kwangu kabla yangu. Karasha imesimama siku nzima. Lori limetoka bila idhini. Wateja wamekaa juu ya mawe yao mpaka jioni.

Hakufoka. Aliuliza tu, "Sera yako inasemaje?"

Nikamwambia. Barua ya onyo.

"Basi andika arobaini, usaini." Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani. Barua yangu ya kuthibitishwa. "Ukimaliza zako, na mimi nasaini hii."

Niliprinti zote arobaini. Nikaanza na ya Mzee Masanja, nimeshika kalamu, kidonda cha jembe kiko hapa kwenye kiganja. Nilijisemea saini tu, ni karatasi, mama aliuza mbuzi kwa ajili ya barua hii. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Sikuweza.

Nikamwambia, "Tajiri, siwezi kuwaonya watu walionizikia mama."

Akasoma fomu yangu ya ruhusa. "Mama mzazi?"

"Mama mkubwa."

"Kwa hiyo hata wewe hukustahili kwenda." Akairudisha bahasha mfukoni. Akaniambia kazi ya kubeba mawe ipo, kama naitaka nikamwone Masanja.

Nikaitaka. Nina watoto.

Sasa somo langu, mlichukue au mliache. Kama unaongoza watu wa huku kwetu, nenda msibani. Nenda hata kama marehemu humjui. Chota maji, pasua kuni, kaa kwenye gogo na wenzako mpaka jua litue. Utajua nani anaumwa, nani kachoka, nani anagombana na nani, na siku ukisema neno watu watakusikiliza. Semina yangu ilikuwa na slaidi nyingi na hiyo haikuwemo. Mimi nimeijua siku niliyoacha kuwa kiongozi.

Ila msidhani nilipewa sifa. Nilipomfuata Mzee Masanja kuripoti kazini nikamweleza yote, kwamba nimekataa kusaini, kwamba kiti kimekwenda. Nilitegemea atanipa mkono.

Akazima karasha ili nimsikie vizuri.

"Kwa nini hukusaini? Zile barua sisi tungechemshia chai. Miezi mitatu tumekuvumilia na mafomu yako, ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuwa mtu. Sasa wataleta mwingine mwenye cheti, tuanze upya kumfundisha." Akawasha karasha.

Mwingine ameripoti leo asubuhi. Kaja na projekta.

Nawasikiliza wakuu, hasa mliowahi kukaa kwenye vile viti. Nyie mngesaini?